PC ya gemu ukiwa Tanga: anza na boksi, i7 baadae

Madogo wengi wakiingia duka la kompyuta swali la kwanza ni "bro hii ni i7?" na la pili ni "ina taa?", na muuzaji akishayasikia hayo mawili keshajua ana mteja wa aina gani, anakutolea kitu chenye stika ya i7 (jina la prosesa za Intel, ule ubongo wa kompyuta) na bei inapanda hapohapo. Mwongozo huu ni wa we uliye sekondari, uko Makorora, Mabawa, Chumageni au hata Muheza huko, hela yako ni ya kudunduliza na nyingine kaongezea mshua, na unataka mashine ya gemu ambayo mwakani utaiongezea kitu badala ya kuiuza kwa hasara ukaanza moja. Hapo kwenye kuiongezea ndo msisitizo wangu, mengine yote yanatokea hapo.

Kabla hujauliza bei ya kitu chochote andika gemu tatu ambazo unataka kuzicheza kweli, sio zile unazoangalia watu wakicheza YouTube. Manake tofauti ni kubwa sana. GTA V ile ya zamani, iliyokuja kwenye PC 2015, wenyewe walipendekeza prosesa i5-3470, RAM (memori ya kufanyia kazi) GB 8 na kadi ya grafiki (inayochora picha za gemu) ya GTX 660, yani kompyuta ya ofisi iliyotupwa Ulaya ukiichomekea kadi inaipiga vizuri tu. Valorant ndo nyepesi zaidi, inakubali hata grafiki za ndani za Intel HD 4000, ila ukishakuwa na Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (vitu vya usalama vya ndani ya kompyuta) viwe vimewashwa la sivyo haikufungulii. Afu sasa njoo gemu la mpira la EA FC 24, kiwango cha chini kabisa ni i5-6600K, kadi ya GTX 1050 Ti, RAM GB 8 na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Na kiwango cha chini maana yake gemu linafunguka na unacheza huku umepunguza kila kitu, raha bado. Kwahiyo anaetaka mpira wa sasa na anaetaka GTA ya zamani hawanunui mashine moja, na kama we unaridhika na PES 2017 iliyobandikwa vikosi vipya basi usimsikilize mtu anaekwambia bila laki kumi na tano huchezi.

Laptopu au desktopu? Najua laptopu inavutia, unaibeba, umeme ukikatika inaendelea, na kwa mzazi inaelezeka kirahisi kwamba ni ya kusomea. Ila laptopu za ofisi za mtumba hazina kadi ya grafiki ya kueleweka na huwezi kuiongeza, umenunua umenunua. Zenye kadi nzuri zikifika sokoni kama mtumba mara nyingi zimeshapigishwa kazi sana, betri imekufa na feni inalia, na kwa joto la Tanga la mwezi wa pili mashine inachemka mpaka inajipunguzia spidi yenyewe katikati ya mechi. Kama lazima uwe nayo kwa ajili ya bweni sawa, ila kwa mtu anaekaa nyumbani desktopu inakupa nguvu zaidi kwa hela ileile na kikiharibika kitu kimoja unabadili hichohicho.

Haya, tuje kwenye boksi lenyewe, lile ambalo mtaani watu wanaliita CPU. Hapa nakaa kidogo sababu ndo watu wanapoumia.

Desktopu za mtumba zinazoingia nchini nyingi zilikuwa za maofisi, utakutana na Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine ngumu hizi, zilitengenezwa zikae zinawaka kutwa nzima. Shida ni kwamba modeli moja inatoka kwa saizi tofauti. OptiPlex 9020 kwa mfano ipo ya tawa, ipo nyembamba ya kulala, na ipo ndogo kabisa inayotumia adapta ya nje kama ya laptopu. Prosesa inaweza kuwa ileile, RAM ileile, na ile ndogo kwa macho inapendeza kuliko zote, inakaa hata nyuma ya tivii. Usiichukue. Ile ndogo kabisa haina sehemu ya kuchomekea kadi ya grafiki. Ile nyembamba inayo, ila inapokea kadi fupi tu zenye bati fupi nyuma, na hizo kupatikana ni shida afu bei yake imechangamka kuliko kadi ya kawaida ya nguvu ileile. Tawa ndo inayopokea kadi ya kawaida. Kwahiyo i5 kwenye tawa ni bora kuliko i7 kwenye boksi jembamba, nakwambia hivi bila kumumunya, kwasababu ile i7 itabaki hivohivo mpaka unamaliza fomu six.

Ukishapata tawa angalia pawa saplai, kile kinachogawa umeme ndani ya boksi. Funua ubavu, soma stika. Tawa ya OptiPlex 9020 inakuja na wati 290, ya EliteDesk 800 G1 wati 320. Hazitoshi kwa kadi kubwa na mara nyingi hazina zile waya za ziada za kuilisha kadi, na usidhani utainunua pawa saplai nyingine yoyote uchomeke, mana Dell na HP nyingi za kuanzia prosesa za kizazi cha nne (vizazi nakuja navyo chini) plagi ya kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, sio ile ya kawaida ya pini 24, mpaka utafute waya wa kugeuzia. Lakini usikate tamaa, tundu lenyewe la kuchomekea kadi, linaitwa PCIe, linatoa umeme mpaka wati 75, na kuna kadi ambazo zinaishi kwa huo huo bila waya wowote. Hizo ndo za kwako kwa kuanzia. GTX 750 Ti ni ya 2014 inakula wati 60, imezeeka ila kwa gemu za zamani bado inapambana. GTX 1050 Ti ya GB 4 inakula 75, hii kwa hela ya mwanafunzi ndo naipenda. GTX 1650 iko juu yake, ila hapo kuwa makini, baadhi ya matoleo yanadai waya wa pini 6, iangalie kadi yenyewe juu kama ina tundu la waya kabla hujatoa hela. GT 1030 iachie wenye maboksi membamba, na hata wao waiepuke ile yenye memori ya DDR4, imeandikwa jina lilelile lakini iko chini mbali ya ile ya GDDR5.

Na kitu kingine cha nyuma ya pawa saplai: zipo za zamani zenye kiswichi kidogo chekundu kimeandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni 230. Boksi lililotoka Marekani linaweza kuwa limeachwa 115, ukichomeka tu unasikia mlio na moshi, biashara imeisha. Kama imeandikwa 100-240V haina kiswichi, hiyo haina presha.

Prosesa sasa, haraka haraka. Namba baada ya i5 au i7 ndo inakwambia kizazi, i5-4590 ni cha nne, i3-8100 ni cha nane. i7-2600 ilitoka 2011, i3-8100 ilitoka 2017, na kwenye gemu hiyo i3 haiogopi hiyo i7 kabisa. Kwa laptopu ndo kuna mchezo mkubwa zaidi, i7-7600U ina kori (vichwa vya kufanyia kazi) mbili tu wakati i5-8250U ina nne, na bado utakuta ya kwanza inauzwa ghali sababu ya stika. Mstari wa kukumbuka ni kizazi cha nane, kwasababu Windows 11 kwa Intel rasmi inaanzia hapo, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025. Bado inawaka na gemu nyingi zinacheza, ila ukipata tawa ya kizazi cha nane kwa hela ambayo inakuuma kidogo tu, iumie. Ukikosa, cha nne au cha sita bado unacheza, hasa kama gemu zako tatu ulizoandika ni za zamani.

RAM ni GB 8 kwa kuanzia, 16 ukiweza, na ziwe vijiti viwili sio kimoja. Sio ushirikina, vijiti viwili vinafanya kazi sambamba na kama bado huna kadi ya grafiki utaona tofauti kwa macho, sababu grafiki za ndani zinaazima RAM hiyohiyo. DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4, usinunue kabla hujajua madabodi yako inakula ipi. Diski weka SSD (ile ya haraka isiyo na kitu kinachozunguka ndani), hata ya GB 240 kwa ajili ya Windows na gemu moja unayoicheza kila siku, mengine yakae kwenye hadidiski ya kawaida. SSD haikuongezei fremu (picha kwa sekunde) kwenye gemu, tusidanganyane, ila kompyuta inawaka haraka na gemu hufungui ukaenda kuoga ukarudi.

Unanunua wapi? Ngamiani na mjini maduka yapo, machaguo ndo machache, kwahiyo wengi wanaishia kuagiza Dar, Kariakoo. Wengine wanakonyeza Mombasa kwasababu mpaka wa Horohoro uko karibu, sawa, lakini ulizia ushuru kwanza na beba risiti, usije ukashikwa mpakani na tawa begani. Ushauri wangu ni kwamba boksi nunua mahali ambapo unaweza kurudi kwa miguu hata kama ni ghali kidogo, vitu vidogo kama mausi na RAM ndo uagize. Kama ni lazima boksi litoke Dar, tafuta ndugu aliyeko kule aende dukani aliwashe mwenyewe. Kaka, mjomba, shemeji, yeyote anaejua kubonyeza. Hao wanaouza Instagram wanaotaka utume hela yote ndo wapakize basi waambie watume video mashine ikiwaka na jina lako limeandikwa kwenye karatasi pembeni, akianza kujizungusha achana nae.

Mbele ya mashine fanya hivi. Bonyeza Windows na R, andika dxdiag, inakuonyesha prosesa na RAM halisi, stika isikutishe. Fungua Task Manager upande wa Performance uone RAM imekaa kwenye matundu mangapi. Njoo na flashi yenye programu mbili za bure, CrystalDiskInfo na GPU-Z. Ya kwanza inasoma afya ya diski, ikikuandikia Good endelea, ikikuandikia Caution kwa rangi ya njano basi ama wabadili diski ama washushe bei. GPU-Z ni ya kadi, na hii usiiruke hata muuzaji akikunja sura, mana kuna kadi famba mjini, ni kadi ya zamani kama GTS 450 imebadilishwa programu yake ya ndani ili Windows iione kama GTX 1050 Ti, kwa macho huwezi kujua. GPU-Z inazitambua nyingi na inaandika FAKE kabisa kwenye jina. Afu cheza gemu lolote pale dukani dakika kumi na tano, ishike mashine ubavuni, sikiliza feni. Muuzaji wa kweli hana tatizo na hilo. Anaekwambia "umeme wa dukani mdogo" muage kwa heshima.

Ukisafirisha kwa basi chomoa kadi ya grafiki uifunge peke yake na nguo, mana barabara ya kutoka Dar kupitia Segera ni zaidi ya kilomita 300 na kadi nzito inaning'inia kwenye tundu njia nzima, ikifika stendi ya Kange inaweza kuwa imelegea au imevunja tundu. Monita usiiweke kwenye buti chini ya magunia. Mkabidhi kondakta mkononi, andika kioo, na uwepo stendi basi linapoingia.

Umeme wa nyumbani nao. Kuna watu wana kadi nzuri na ekstensheni ya elfu tano iliyobeba friji, pasi na kompyuta kwa pamoja, huo ni mtihani. Tafuta ekstensheni yenye pini ya atha inayofanya kazi, kama ukigusa bati la boksi unasikia unatekenywa mkono basi nyumba yenu atha haipo au imekatika, mwambie mzee aite fundi umeme, sio fundi kompyuta. Ukimudu chukua UPS, ile betri ya akiba. Zile za VA 650 nyingi ni kama wati 360, zinatosha kwa tawa ya kadi ndogo na monita, na kazi yake ni kukupa dakika chache usevu uzime vizuri, usiitegemee kumalizia mechi. Na kuhusu LUKU, mana mama atauliza tu: tawa kama hii na monita ukicheza ni kama wati 200, masaa matano ni uniti moja. Mwambie ukweli mapema kabla hajagundua mwenyewe, na ikiwezekana uchangie.

Wa Raskazone na wote mnaokaa jirani na bahari, chumvi ya hewani inakula bati na matundu ya USB taratibu. Usiweke mashine dirishani panapopuliza upepo wa bahari hata kama ndo penye baridi. Ifunike ikiwa imezimwa na imepoa, sio ikiwa inawaka, kuna watu wanafunika na kitambaa cha kudarizi cha mama mashine ikiwa inacheza gemu, unaipika hiyo. Kila baada ya miezi kadhaa ipulize vumbi, na kama ina miaka mingi mpe fundi abadilishe ile dawa ya juu ya prosesa, mara nyingi ilishakauka ikawa chokaa.

Monita ya mtumba ya inchi 22 hadi 24 yenye 1920 kwa 1080 inatosha sana. Hetsi 60 (kioo kinabadili picha mara 60 kwa sekunde) ni sawa kwako kwa sasa, hiyo 144 inakufaa pale tu kadi yako inaweza kutoa fremu nyingi hivyo, na 1050 Ti kwenye gemu za sasa haiwezi, kwahiyo usilipie kitu usichokiona. Ukitumia tivii ya sebuleni tafuta kwenye menyu yake hali ya gemu (Game Mode) uiwashe, bila hivyo unabonyeza shuti na mchezaji anapiga mpira baada ya beki kufika. Angalizo, tawa nyingi za Dell za enzi hizo nyuma zina DisplayPort na VGA, hazina HDMI. Utahitaji waya wa kutoka DisplayPort kwenda HDMI, na taja hivyohivyo kwa mpangilio huo dukani, mana wa kinyume chake upo, unafanana, na haufanyi kazi. Ukishaweka kadi chomeka monita kwenye kadi, sio kwenye tundu la zamani la madabodi. Unacheka, ila nenda kaangalie nyuma ya PC za washkaji zako.

Vitu vya mkononi havitaki hela nyingi. Mausi ya waya yenye umbo linalokaa kwenye kiganja chako, hizo DPI (wepesi wa mausi) elfu kumi na sita zilizoandikwa kwenye boksi hakuna anaezitumia, wengi wa mchezo wa kulenga wanacheza chini ya elfu mbili. Kibodi ya kawaida ya mpira inatosha, ila kabla hujalipa fungua Notepad ubonyeze W, A, na spesi kwa pamoja kisha ongeza na herufi nyingine, kama kuna moja haitokei basi kwenye gemu utakuwa unaruka lakini hukimbii. Hedfoni za simu zenye jeki moja ukichomeka kwenye tawa zenye matundu mawili, la kijani na la pinki, utasikia lakini maiki haitashika, nunua kile kiwaya cha kugawanya ni cha bei ndogo tu.

Kwa watu wa mpira pedi ni lazima, hasa kama nyumbani kwenu Jumamosi mnageuza sebule kuwa uwanja wa Mkwakwani na kila mtu anataka kuwa Coastal Union, Wagosi wa Kaya. Chukua ya waya, isiyoisha chaji mechi ikiwa dakika ya themanini. Iwe ya mtindo wa Xbox, inayoelewana na mfumo wa XInput, mana gemu nyingi za PC zinaitambua hapohapo. Za mtindo wa PlayStation zinakubali pia ila mara nyingi unapitia Steam au programu ya kati, na zile feki zinazojaa sokoni analogi zake zinaanza kujivuta zenyewe upande mmoja baada ya muda mfupi. Dukani zungusha analogi zote, ziachie, uone kama zinarudi katikati kabisa.

Bando ndo adui aliyebaki. Gemu la GB 100 kwa bando la simu ni kujitafutia kesi na wazazi, kwahiyo kopi kwa rafiki mwenye fayiba au mwenye nalo tayari. Kama ni la Steam na wote mnalimiliki, chukua folda ya gemu ndani ya steamapps/common weka kwenye diski ya nje, kwako iweke sehemu hiyohiyo kisha bonyeza install, Steam inakagua faili zilizopo na kudownload kilichopungua tu. Au beba tawa yako mpaka kwake, mkiwa kwenye ruta moja Steam tangu 2023 inaweza kuhamisha gemu toka mashine kwenda mashine bila kulipakua upya mtandaoni. Diski ya nje iwe imefomatiwa exFAT au NTFS, ikiwa FAT32 itakataa faili lolote linalozidi GB 4 na utadhani imekufa. Na ukicheza mtandaoni kwa kutumia simu, acha hotspot ya hewani, chomeka simu kwa waya wa USB uwashe USB tethering, pingi (muda wa kujibiwa na seva) inatulia na simu inajichaji hukohuko.